Muungano Patanifu wa Mapigo ya Leza: Maelezo ya Dhana na Suala la Istilahi, kwa Mifano ya Garissa na Kaskazini Mashariki ya Kenya

1. UTANGULIZI

Makala haya yana makusudi mawili. Kusudi la kwanza ni kueleza kwa Kiswahili dhana moja ya elimu ya mwanga ambayo imepiga hatua kubwa tangu 2010, nayo ni ile ya kuyaunganisha mapigo mafupi mno ya leza, yaliyokuzwa katika nyuzi kadha za kioo, hata yakawa pigo moja lenye nishati kubwa. Kusudi la pili ni kuchunguza ni istilahi ipi inayoweza kuibeba dhana hiyo pasipo kuipotosha.

Huenda msomaji akauliza jambo la maabara za fizikia linaingiaje katika jarida la lugha, na Garissa inaingiaje katika habari za leza. Maabara zilizoongoza katika kazi hii ziko Ujerumani, Ufaransa na Marekani. Hata hivyo, mambo mawili ambayo ni msingi wa dhana yenyewe yapo Garissa na yanaonekana kwa macho. La kwanza ni uzi wa kioo unaopitisha mwanga: mkongo wa taifa wa Kenya ujulikanao kwa jina la NOFBI umefika mjini Garissa, na mradi wa barabara ya Isiolo, Wajir hadi Mandera, ambao Benki ya Dunia iliidhinisha fedha zake 2020, una sehemu ya kulaza mkongo wa namna hiyo kandokando ya barabara. La pili ni kuunganishwa kwa nguvu kutoka vyanzo vingi kwa kufuata mwendo mmoja: kituo cha umemejua cha Garissa, kilichozinduliwa Desemba 2019, kina paneli zaidi ya 200,000 na uwezo wa megawati 54.6, na umeme wake hauwezi kuingia katika gridi ya taifa mpaka uwe umepatana na umeme uliomo humo. Mwalimu wa Garissa anayo basi mifano ya kutosha. Anachokosa ni maneno yaliyopimwa.

Ukosefu huo si jambo dogo. Katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, wanafunzi wengi huanza na Kisomali au Kiborana nyumbani, wakakipata Kiswahili na Kiingereza shuleni. Sayansi hufundishwa kwa Kiingereza, lakini mwalimu anapotaka kufafanua, mara nyingi hukimbilia Kiswahili. Mwanafunzi anayekipokea Kiswahili kama lugha ya pili au ya tatu hulichukua neno kwa maana yake ya wazi. Istilahi ikiwa na maana ya wazi iliyo kinyume cha dhana, atajifunza kosa, na kosa hilo litakuwa limetokana na lugha.

2. LEZA NA UZI WA KIOO

Mwanga ni wimbi. Mwanga wa jua au wa taa ni mkusanyiko wa mawimbi mengi ya urefu mbalimbali, kila moja likianza kwa wakati wake. Mwanga wa leza ni tofauti: mawimbi yake yana urefu unaokaribiana sana na hupanda na kushuka pamoja. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko Marekani 1960, kwa kutumia kipande cha yakuti. Miaka michache baadaye Elias Snitzer alionyesha kwamba kazi hiyo hiyo yaweza kufanywa ndani ya uzi wa kioo. Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham, wakiwa Uingereza, walieleza kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha kitaweza kupeleka mwanga masafa marefu ya mawasiliano. Kao alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo 2009, mwaka uo huo ambao mkongo wa baharini uitwao TEAMS, wenye urefu wa kilomita 5,000 hivi kutoka Fujairah, ulifika Mombasa.

Mwanga unaosafiri katika uzi hufifia, hivyo hapana budi ukuzwe njiani. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, na wenzao wa Marekani, walitengeneza kikuzi ambacho ni uzi wa kioo uliotiwa chembe za madini ya eribiamu. Chembe hizo hulishwa mwanga wa leza nyingine, zikahifadhi nishati, kisha zikaitoa pale mwanga wa mawasiliano unapopita. Wimbi linalotoka ni nakala ya lililoingia, ila ni kubwa zaidi. Vikuzi vya jamii hiyo ndivyo vinavyousukuma mwanga katika mikongo ya baharini inayofika pwani ya Afrika Mashariki.

Leza za nyuzi zinazozungumziwa hapa ni ndugu wa vikuzi hivyo. Badala ya eribiamu, nyingi hutumia iteribiamu, na mwanga wake una urefu wa wimbi wa mikromita 1.03 hivi, ambao jicho haliuoni. Sifa kubwa ya uzi ni wembamba na urefu wake: joto hutoka upesi kwa kuwa eneo la nje ni kubwa kuliko ujazo, na mwanga hushikwa katikati ya uzi ukatoka ukiwa safi. Kwa sababu hiyo uzi huweza kutoa nguvu nyingi ya wastani pasipo kuharibika. Lakini wembamba huo huo ndio unaoleta kikwazo.

3. KIKWAZO CHA UZI MMOJA

Kabla ya kukieleza kikwazo ni lazima kutenganisha maneno mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa, yaani nishati na nguvu. Nishati ni kiasi cha kazi kinachoweza kufanywa. Nguvu ni nishati hiyo ikigawanywa kwa muda uliotumika. Milijuli moja ni nishati ndogo sana: inatosha kuinua gramu moja kwa sentimita 10 hivi. Lakini milijuli hiyo ikitolewa kwa femtosekunde 250, nguvu yake katika muda huo ni gigawati 4, yaani zaidi ya mara 70 ya uwezo wa kituo chote cha umemejua cha Garissa. Femtosekunde ni sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara milioni, kisha kila sehemu ikagawanywa mara bilioni. Katika femtosekunde moja mwanga, ambao kwa sekunde moja huenda kilomita 300,000, husogea mikromita 0.3 tu.

Mapigo mafupi hivi yana manufaa makubwa. Hukata kioo na chuma kabla joto halijapata nafasi ya kuenea pembeni, na madaktari huyatumia kukata utando wa mbele wa jicho kwa usahihi. Watafiti huyatumia kuzalisha miale ya urujuanimno uliokithiri, na 2013 Gérard Mourou na wenzake waliandika kwamba siku moja mapigo ya nyuzi nyingi zilizounganishwa yanaweza kuendesha mitambo ya kuharakisha chembe za atomu. Kwa kazi hizo za mwisho, mapigo yenye nishati ya mikrojuli hayatoshi.

Sasa, nguvu kubwa ikipita katika kiini cha uzi chenye upana wa mikromita chache, kioo chenyewe hubadilika tabia. Kasi ya mwanga ndani yake hupungua kulingana na ukali wa mwanga, na kwa hiyo pigo hujivuruga lenyewe. Nguvu ikizidi megawati 4 hivi, mwanga wa urefu huu wa wimbi hujikusanya wenyewe ndani ya kioo mpaka ukakitoboa, na kuupanua uzi hakuondoi mpaka huo. Ikumbukwe kwamba pigo la femtosekunde 250 lenye nguvu ya megawati 4 lina nishati ya mikrojuli 1 tu.

Njia ya kwanza ya kukikwepa kikwazo hiki iligunduliwa 1985 na Donna Strickland pamoja na Mourou katika Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, nao waligawana sehemu ya Tuzo ya Nobel ya 2018 kwa ajili yake. Pigo hurefushwa kwanza kwa kuzipitisha rangi zake katika njia zenye urefu tofauti, likakuzwa likiwa refu na hafifu, kisha likafupishwa tena nje ya kikuzi. Pigo la femtosekunde 250 likirefushwa mpaka nanosekunde 1, nguvu yake hupungua mara 4,000, na milijuli 1 yaweza kupita kwa megawati 1. Kwa njia hiyo, na kwa kutumia nyuzi zenye kiini kipana, watafiti wa Jena, Ujerumani, walipata 2011 mapigo ya milijuli 2.2 kutoka uzi mmoja. Kwenda mbele zaidi ni shida. Pigo haliwezi kurefushwa pasipo kikomo, na kiini kikiwa kipana mno mwanga hupoteza usafi wake, hasa nguvu ya wastani inapopanda. Uzi mmoja una mwisho wake, na Waswahili walikwisha kusema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

4. MAANA YA KUPATANA KWA MAWIMBI

Wazo linalofuata ni rahisi kulitaja. Pigo moja ligawanywe katika nakala kadha. Kila nakala ikuzwe katika uzi wake. Kisha nakala zote zirudishwe ziwe pigo moja. Ugumu upo katika neno "zirudishwe". Mawimbi hayajumlishwi kama magunia ya mahindi. Vilele vya wimbi moja vikikutana na vilele vya wimbi la pili, hupatikana wimbi kubwa. Vilele vikikutana na mabonde, yote mawili hufutana. Nafasi ya wimbi katika mwendo wake wa kupanda na kushuka huitwa awamu. Mawimbi yenye awamu moja ndiyo yanayoweza kuunganishwa kwa faida.

Kituo cha umemejua cha Garissa kinatoa mfano ulio wazi. Umeme wa paneli ni wa mkondo mnyofu, usiopanda wala kushuka. Umeme wa gridi ya Kenya hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde. Mitambo ya kubadilisha mkondo iliyoko kituoni huusikiliza kwanza umeme wa gridi, ikaigiza mwendo wake, na ndipo huingiza nguvu yake. Sheria hiyo hiyo inazihusu jenereta za dizeli, ambazo miji ya Wajir na Mandera imezitegemea kwa miaka mingi: jenereta ya pili haiunganishwi na ya kwanza mpaka mizunguko yao iwe sawa na vilele vyao viwe pamoja. Akiunganisha kabla ya hapo, fundi hapati nguvu ya jenereta mbili. Hupata mshtuko unaoweza kuvunja mashine.

Tofauti baina ya umeme na mwanga ni ya kiasi. Mzunguko mmoja wa umeme wa gridi huchukua milisekunde 20. Mzunguko mmoja wa mwanga wa iteribiamu huchukua femtosekunde 3.4 hivi. Tukisema kwamba kosa la awamu lisizidi sehemu moja ya ishirini ya mzunguko, fundi wa gridi anayo nafasi ya milisekunde 1. Mtaalamu wa leza hana nafasi zaidi ya mikromita 0.05 katika urefu wa njia ya mwanga, kipimo ambacho ni kidogo kuliko unene wa unywele kwa zaidi ya mara elfu. Mtetemo wa meza, joto la kikuzi, hata sauti ya mazungumzo chumbani, hubadilisha urefu wa uzi kupita kiasi hicho. Kwa hiyo urefu wa njia hauwezi kupimwa mara moja ukaachwa. Lazima ulindwe wakati wote: sehemu ndogo ya mwanga uliokwisha kuunganishwa huchunguzwa, kosa likionekana, kioo kilichobandikwa juu ya kipande cha kauri kinachotanuka kwa umeme husogezwa kurekebisha, mamia au maelfu ya mara kwa sekunde.

Jambo moja hutatiza wanafunzi na lafaa kuelezwa kwa uangalifu. Mawimbi mawili yanayolingana yakikutana kilele kwa kilele, kimo huwa mara mbili, na kwa kuwa ukali wa mwanga hufuata mraba wa kimo, ukali huwa mara nne. Je, nishati imezaliwa pasipo chanzo? La. Chukua kioo-nusu, yaani kioo kinachorudisha nusu ya mwanga na kupitisha nusu. Miali miwili ikikifikia kutoka pande mbili, kuna njia mbili za kutokea. Awamu zikipatana ipasavyo, mwanga wote hutokea njia ya kwanza na njia ya pili huwa giza. Awamu zikihitilafiana kwa nusu ya mzunguko, mwanga wote huhamia njia ya pili. Awamu zikiwa ovyo, mwanga hugawanyika kwa wastani nusu kwa nusu. Jumla haibadiliki kamwe. Kupatana kwa awamu hakuongezi nishati. Kunaamua itokee wapi. Hii ndiyo nukta ambayo istilahi yoyote itakayochaguliwa haina budi kuiheshimu.

5. NJIA MBILI ZA KUUNGANISHA NA MATOKEO YAKE

Njia ya kwanza ni ya kuunganisha kwa nafasi: nyuzi husimama sambamba, kila moja ikikuza nakala yake kwa wakati mmoja na wenzake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Friedrich Schiller na Taasisi ya Fraunhofer mjini Jena, wakiwamo Jens Limpert na Andreas Tünnermann, waliionyesha njia hii kwa mapigo ya femtosekunde na vikuzi viwili 2010. Mwaka 2016 walitangaza vikuzi vinane vilivyotoa kilowati 1 na milijuli 1 kwa kila pigo. Mwaka 2020 vikuzi 12 vilitoa nguvu ya wastani ya kilowati 10.4 kwa mapigo ya femtosekunde 254. Mwaka huo huo kundi la École Polytechnique na kampuni ya Thales, Ufaransa, liliunganisha nyuzi 61 kwa kuzipanga kama sega la nyuki.

Njia ya pili ni ya kuunganisha kwa wakati. Hapa pigo moja hugawanywa katika mapigo yanayofuatana, yakapita katika uzi ule ule moja baada ya jingine. Baada ya kukuzwa, la kwanza hucheleweshwa zaidi, la pili kidogo zaidi, na kadhalika, mpaka yote yakafika mahali pamoja kwa wakati mmoja. Mfano wake ni wanawake wawili wanaotwanga katika kinu kimoja: michi hupokezana, mmoja ukipanda mwingine unashuka, na kinu hakipati uzito wa michi miwili kwa pamoja. Katika uzi vilevile, kioo hakioni nguvu ya mapigo yote kwa mkupuo mmoja. Tofauti ni kwamba mwishoni mapigo hayo hukusanywa yakawa pigo moja, jambo ambalo michi haiwezi kulifanya. Katika Chuo Kikuu cha Michigan, Almantas Galvanauskas na wenzake wameiendeleza aina ya njia hii ambamo mapigo 81 hurundikwa ndani ya vyumba vidogo vya vioo.

Njia hizi mbili huweza kutumika pamoja. Mwaka 2019 watafiti wa Jena walilipitisha kundi la mapigo manane katika vikuzi 12 vilivyo sambamba. Nakala zote zilikuwa 96, na zilipounganishwa zilitoa pigo moja la milijuli 23 lenye urefu wa femtosekunde 235. Ukigawanya, kila nakala ilichangia milijuli 0.24 hivi, kiasi ambacho uzi mmoja hukimudu bila taabu. Hapo ndipo ilipo siri ya njia yote: hakuna uzi hata mmoja uliotwikwa zaidi ya uwezo wake, lakini jumla imepita mara kumi ile iliyopatikana kwa uzi mmoja 2011.

6. SUALA LA ISTILAHI

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyotoka 1990, iliweka msingi wa kuzungumzia mawimbi kwa Kiswahili. Dhana hii haikuwapo wakati huo. Basi istilahi yake lazima iundwe, na yapo maneno kadha yanayojileta.

(a) Muungano peke yake. Neno hili halitoshi. Miali miwili ya taa ikielekezwa ukutani pia imeungana, lakini haikupatana. Katika sehemu ya nne ilionyeshwa kwamba tofauti baina ya hali hizo mbili ni tofauti baina ya kupata mwanga wote mahali utakapo na kuupoteza nusu yake. Istilahi isiyotaja tofauti hiyo imeacha kiini.

(b) Mshikamano. Neno hili linawavuta wafasiri kwa sababu Kiingereza hutumia neno moja kwa mawimbi na kwa matini, na wanaisimu wa Kiswahili wamezoea kuuita mfungamano wa matini mshikamano. Lakini kushikamana ni kugusana na kunatana. Mawimbi katika nyuzi 12 hayagusani wala hayashikani. Kila moja lina njia yake mpaka mwisho. Mwanafunzi atakayepewa neno hili atadhani kwamba nyuzi zenyewe zimegundishwa pamoja.

(c) Mwafaka. Neno hili lina sifa moja nzuri kwa mwanafunzi wa Garissa: limetoka katika shina la Kiarabu ambalo Kisomali nacho kimelipokea, na msemaji wa Kisomali huyasema mambo yanayoafikiana kuwa waafaqsan. Ila katika Kiswahili limekwisha kubeba mizigo miwili. Hutumika kwa maana ya "kufaa", na hutumika katika siasa kwa maana ya mkataba, kama ile miafaka ya Zanzibar ya 1999 na 2001. Muungano mwafaka utaeleweka kuwa muungano unaofaa, na dhana ya awamu itapotea.

(d) Harambee. Mwito huu wa watu wanaovuta au kuinua kitu kizito kwa pamoja, ambao Jomo Kenyatta aliufanya kuwa kaulimbiu ya taifa 1963, unakaribia sana. Kazi yake ni kuweka wakati: mikono kumi inayovuta kila mmoja kwa wakati wake haiutikisi mzigo, na mwito mmoja huileta pamoja. Wasomali nao wana heeso hawleed, yaani nyimbo za kazi, na miongoni mwake zimo zile zinazoimbwa kisimani wakati wa kuwanywesha ngamia, ambazo mapigo yake huongoza mikono inayopokezana wadaan, ndoo ya ngozi. Harambee na wimbo wa kisimani vyafaa sana kuwa mifano ya kufundishia. Kuwa istilahi ni jambo jingine. Watu wanaovuta kamba hawawezi kufutana, lakini mawimbi huweza. Tena nchini Kenya harambee imekuwa jina la mchango wa fedha, na fedha hujumlishwa kama magunia. Ni kosa lile lile ambalo istilahi ilipaswa kulizuia.

(e) Upatanifu. Wasomaji wa jarida hili wanafahamu upatanisho wa kisarufi. Katika sentensi Kiti kirefu kimevunjika, nomino hutoa alama ya ngeli, na kivumishi na kitenzi huichukua. Maneno matatu ni tofauti, kila moja lina kazi yake, lakini yote yana alama iliyotoka chanzo kimoja. Muungano wa leza hufanya hivyo hivyo. Leza mama hutoa pigo la mbegu. Nakala zote huchukua awamu kutoka kwake. Kila kikuzi hufanya kazi yake pasipo kuipoteza alama hiyo. Nyuzi 12 zinazolishwa na leza 12 zilizo mbali mbali, kila moja ikijiendea, haziwezi kuungana kwa namna hii, kama vile maneno matatu yenye ngeli tatu hayafanyi kirai kimoja.

Aidha, mofolojia yenyewe inasaidia. Kitenzi patana kimekwisha kuwa na kiambishi cha kutendana, kwa hiyo kina dhana ya pande zaidi ya moja. Kivumishi -patanifu kinaundwa kwa kanuni ile ile inayotoa -angalifu, -pungufu na -haribifu, nacho hutaja hali au tabia. Kauli ya kusababisha, patanisha, hutoa upatanishaji, ambao ni kitendo cha mtu au chombo kutoka nje. Hivyo basi Kiswahili chaweza kutofautisha kwa kawaida yake mambo matatu ambayo mtaalamu wa leza huyahitaji kila siku: upatanifu, yaani hali ya awamu kuwa moja, upatanishaji wa awamu, yaani kazi ya kioo na kauri ya kuilinda hali hiyo, na muungano patanifu, yaani tokeo la mwisho. Neno moja la kigeni lililoazimwa lisingetoa familia hii bila kuongezewa maelezo.

Pingamizi moja lastahili kujibiwa. Yaweza kusemwa kwamba kupatana ni neno la sokoni na la usuluhishi wa magomvi, na kwamba halina uzito wa kisayansi. Lakini istilahi hazizaliwi zikiwa nzito. Neno awamu lenyewe kwa watu wengi ni zamu au kipindi cha utawala, na bado limekubalika katika fizikia. Kisomali kinatoa ushahidi wa karibu zaidi. Baada ya maandishi ya Kisomali kusanifiwa 1972, lugha hiyo iliingizwa katika shule za msingi na za sekondari za Somalia, na istilahi nyingi zikaundwa kwa maneno ya kawaida. Setilaiti iliitwa dayax gacmeed, yaani mwezi wa mkono, kwa maana ya mwezi uliotengenezwa na watu. Neno hilo linaeleweka hata leo upande wa Kenya, kwa sababu kila sehemu yake ilikuwa mali ya watu kabla ya kuwa mali ya wataalamu.

Kwa upande wa uzi wenyewe, matumizi yametofautiana. Tanzania huzungumzia Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Kenya watu wengi husema faiba. Maneno hayo yote mawili huutaja mtandao uliolazwa ardhini kuliko kitu chenyewe. Kwa kikuzi na leza, uzi wa kioo ni jina lililo wazi zaidi, na halimzuii yeyote kuendelea kusema mkongo au faiba anapozungumza habari za mawasiliano. Leza ibaki leza, kwani limekwisha kuingia na halina maana nyingine ya kugongana nayo.

7. HITIMISHO

Imeelezwa kwamba nishati ya mapigo mafupi ya leza haiwezi kupandishwa katika uzi mmoja pasipo kikomo, na kwamba njia ya kupita kikomo hicho ni kugawanya, kukuza na kuunganisha kwa kulinda awamu, ama kwa nafasi, ama kwa wakati, ama kwa njia zote mbili. Imependekezwa istilahi muungano patanifu, pamoja na upatanifu na upatanishaji wa awamu, kwa sababu zinaitaja nukta muhimu, ambayo ni awamu wala si mgusano wala mjumlisho.

Pendekezo hili linahitaji kujaribiwa mahali ambapo lugha hufanya kazi. Yafaa walimu wa fizikia wa Garissa, Wajir na Mandera, pamoja na mafundi wa mkongo na wa kituo cha umemejua, waulizwe kama maneno haya yanawaeleza wanafunzi na vibarua kile kinachotendeka. Jaribio lake ni jepesi: mwanafunzi aliyepewa neno muungano patanifu, kabla ya kupewa maelezo, aulizwe anadhani mawimbi hufanya nini. Akijibu kwamba hushikana, au kwamba hurundikwa tu, neno halijafaulu. Akijibu kwamba hufuata mwendo mmoja, basi lugha itakuwa imemfikisha nusu ya njia, na mwalimu atamalizia nusu iliyobaki.